Msondo wa Mama Hauko Mahali Pake

Kanga ndiyo iliyonitia shaka. Kila nikirudi kazini hupita chumbani kwa mama kumwamkia, na kila siku jicho langu huenda lenyewe kwenye pembe ile baina ya kabati na dirisha, ulikosimama msondo wake umefunikwa kanga. Msondo ni ngoma ndefu, ile inayopigwa kwenye unyago, wanawake watupu, mlango umefungwa. Wa mama unanifika kiunoni. Aliurithi kwa shangazi yake, akaja nao Maskati kutoka Unguja umezungushiwa godoro, na kila tulipohama nyumba ulipanda gari kabla ya vyombo vya jikoni.

Jumatatu hiyo kanga ilikuwa ile ile, lakini ilikaa vibaya. Juu ilichongoka, na msondo hauchongoki. Nikainua pindo. Ndani mlikuwa na mkeka wa plastiki, ule tunaoutandika pwani siku za Ijumaa, umeviringishwa, umefungwa kamba mara mbili, umesimamishwa wima.

Mama alikuwa kitandani na tasbihi yake. Akaniuliza kama nimekula. Nikamjibu nimekula, nikashusha kanga, nikatoka. Sikumwambia kitu. Ana miaka themanini na presha yake inapanda kwa habari ndogo kuliko hiyo, na macho yake siku hizi yanaona vivuli tu. Niliamini hajui kwamba kila asubuhi anaugeukia mkeka.

Mimi ni mtu wa kushuku, sijifichi. Samaki namfunua mashavu mbele ya muuzaji, halafu namfunua tena. Fundi wa kiyoyozi akisema gesi imekwisha, nasimama chini ya ngazi mpaka anionyeshe. Marehemu mume wangu alikuwa akisema ningezaliwa mwanamume ningekuwa askari wa forodha. Kwa hiyo sikukaa kitako kulia. Mtu aliyeviringisha mkeka na kuufunga kamba mara mbili alifanya kusudi, na alikuwa anaijua nyumba yangu. Nilitaka kumjua.

Lazima niseme jambo moja kabla sijaendelea, kwa sababu nalo limo. Kazi yangu ni kuchora ndani ya majengo. Mwaka huo ofisi yetu ilipewa ukumbi wa hoteli moja ya Qurum, ukumbi wa duara wenye kuba. Chini ya kuba pana ukuta wa mviringo unaoibeba. Wahandisi wa ofisi yetu huuita ngoma, mafundi huuita shingo. Mwenye hoteli alitaka ukuta ule wote uzungushwe ngoma za mataifa. Nikakaa miezi nasoma habari za ngoma. Nikasoma juu ya miji ya kale ya Uchina iliyojenga minara mizima kwa ajili ya ngoma tu, ipigwe watu wajue saa. Nikasoma juu ya mahekalu ya India yenye nguzo za mawe ambazo ukizigonga zinalia, na ngoma za Afrika ya Magharibi zinazosema maneno mtu akafahamu. Nilianza kuona ngoma kila mahali, hata kwenye nguzo za kale za Wayunani, zilizopangwa kwa vipande vya mviringo kimoja juu ya kingine.

Na siku moja mama alipolala nikaingia na mita yangu, nikaupima msondo. Urefu, upana wa uso, upana wa tako. Nikaupiga picha. Sikumwambia mtu. Nilijiambia ni kwa ajili ya vipimo tu, nijue ngoma ya namna ile inahitaji nafasi gani ukutani.

Wa kwanza kumshuku alikuwa dada wa Uganda anayemtunza mama. Naona haya kuandika, lakini ndivyo ilivyokuwa. Ni mtu mzima, ana watoto watatu kwao, na kwa miaka mitatu alikuwa amemwosha mama, amempa dawa kwa saa zake na kumkata kucha. Hayo yote niliyasahau ndani ya dakika moja. Nikamfuata chumbani kwake baada ya chakula cha mchana.

"Nifungulie sanduku lako," nikamwambia.

"Sanduku yangu? Kwa nini, mama?"

"Wewe fungua."

Akafungua. Nguo, Biblia, picha ya watoto wamevaa sare za shule, pakiti za maziwa ya unga alizokuwa anazikusanya kuwapelekea. Nikatia mkono mpaka chini. Yeye alisimama mikono nyuma akinitazama.

"Mama, unatafuta kitu gani?"

"Ngoma ya mama."

Akanitazama, akalitazama sanduku, akanitazama tena. "Ile ngoma kubwa? Itaingia wapi hapa?"

Nikautoa mkono. Sanduku lenyewe hata mto haungeenea.

"Mama, mimi ni mtu wa Uganda," akasema, na sauti yake sasa haikuwa ya mtumishi. "Kwetu kila ukoo iko na mlio wake. Ngoma ya watu, wewe huwezi kuiba. Utaenda nayo wapi? Ikilia tu, watu wote wanajua hii ni ya nani."

"Basi unajua ilipo?"

"Mimi najua kazi yangu. Bas."

Akaanza kukunja nguo moja moja na kuzirudisha. Nikatoka bila ya kumwomba radhi, kwa sababu nilikuwa nimeshika kitu kingine: hakusema hajui. Nilimuuliza swali la ndiyo au siyo, na hakusema hajui.

Siku ya pili nikatoka kazini mapema, nikaenda Matrah. Kwenye vichochoro nyuma ya soko pana mzee muuza vitu vya kale ambaye alikuwa ananitafutia ngoma za ule ukuta wa hoteli. Mwezi mzima nilikuwa namwambia nataka ngoma za watu wa Unguja. Nikaingia dukani kwake nikiwaza kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyemwonyesha mwizi pa kuuza.

Na kweli, pale nyuma ya majambia na mabirika, palisimama ngoma ndefu.

"Ya Zanzibar," mzee akasema kwa Kiarabu, amefurahi. "Ya zamani sana. Imekuja wiki hii."

"Imekuja kutoka wapi?"

"Kwa watu."

"Watu gani?"

"Watu, binti yangu. Watu wa kawaida."

Nikachuchumaa, nikaunusa uso wa ngoma. Ngozi ya msondo wa mama inanuka moshi na mafuta ya nazi. Hii ilinuka gundi. Nikailaza ubavu, nikaingiza kichwa kwenye tako lake, nikawasha taa ya simu. Ndani ya msondo wa mama pana mahali palipoungua, palipoegemezwa kwenye seredani, jiko la makaa, siku ya kupashwa moto. Ndani ya hii palikuwa na parafujo mpya nne zinang'aa. Nilipotoa kichwa, vumbi limenijaa mtandioni, mzee alikuwa amesimama baina yangu na mlango, anayahesabu mabirika yake kwa macho. Yeye naye alikuwa ameanza kunishuku. Nikamwambia parafujo zake za zamani nimezipenda, nikaenda zangu.

Njiani kurudi nyumbani Bawshar, nimekwama kwenye foleni ya magari, nikamkumbuka jirani. Nikashangaa kwa nini sikuanza naye.

Jirani huyu tumepakana ukuta mmoja. Ni Mwarabu wa mikoa ya ndani, mwalimu wa shule, ameachika, alihamia miaka miwili nyuma. Tangu hapo hakuna wiki iliyopita bila ya kuja kwa mama na jagi lake la kahawa na sahani ya tende. Anakaa chini, karibu na miguu ya mama, anauliza. Huyu nani kwenye picha? Hii kanga imeandikwa nini? Na mara nyingi, akiitazama ile pembe: na pale pamefunikwa nini? Mimi mtu anayeuliza sana habari za kitu kisicho chake simwamini.

Na nilikuwa nikisema hivyo mbele yake. Hapa ndipo penye aibu yangu. Sisi watu wa Unguja tuliozaliwa Maskati Kiswahili ni pazia letu. Tukiwa na Mwarabu asiyekijua, tunakivuta katikati ya chumba tunasema tunavyotaka, na yeye anakaa anatabasamu na finjani yake. Nilimwambia mama mbele ya yule mwanamke kwamba hana haya, kwamba mumewe hakukosea kumwacha, kwamba siku moja atatoka na kitu chini ya abaya. Nikisema huku nacheka na kumsogezea halwa. Mama hakuwahi kunijibu kwa Kiswahili. Kila mara alijibu kwa Kiarabu, na alizungumza jambo jingine kabisa. Nilidhani masikio yake nayo yamechoka.

Jioni ile nikapanda darini kuchungulia kwa jirani. Mtu mzima wa miaka arubaini na minane, mwenye shahada ya kuchora majumba, nimejikunja nyuma ya tangi la maji. Nikaona nguo zimeanikwa. Nikaona baiskeli ya mtoto. Na karibu na ukuta, mahali jua linapopiga mchana kutwa, nikaona alama ya mviringo kwenye vumbi la sakafu, safi, upana wake kama tako la msondo. Vipimo ninavyo. Ngoma ikikaa kwenye viyoyozi ngozi inalegea, mtu anayejua huitoa juani kabla ya kuipiga. Basi alikuwa na mtu wa kumwelekeza.

Sikulala vizuri. Jumatano asubuhi nilikuwa na kikao Qurum juu ya ule ukuta, nacho kikaahirishwa nikiwa tayari kwenye maegesho. Nikageuza gari. Nilipofika nyumbani, kabla ya adhuhuri, nikaita sikuitikiwa. Kitanda cha mama kimetandikwa. Fimbo yake haipo, mfuko wake wa dawa haupo, dada wa Uganda hayupo. Mama hatoki bila ya mimi. Tangu aanguke bafuni hatoki bila ya mimi.

Nimesimama katikati ya chumba na simu mkononi, nikasikia ngoma.

Ilitoka upande wa pili wa ukuta. Nilikuwa sijausikia mlio ule tangu udogo wangu, na hata wakati huo niliusikia kutoka nje ya mlango, nimepelekwa kucheza uani na watoto wenzangu. Lakini niliujua. Unaanza kwa mapigo mawili mazito, unanyamaza kidogo, kisha unakimbia. Kila mpigaji ana mkono wake, na mkono ule ulikuwa wa mama. Mwili wote ulinisisimka, halafu hasira ikanipanda. Nikatoka mbio na viatu vya ndani.

Kwenye baraza ya jirani alikaa dada wa Uganda na mfuko wa dawa mapajani.

"Mama, usiingie," akasema, akasimama. "Mama kubwa amesema mtu asiingie. Hata mimi nakaa hapa."

Nikampita. Ukumbini palikuwa kimya, makubazi ya wanawake yamepangwa ukutani, jozi tano au sita. Mlango wa ndani umefungwa. Sikupiga hodi, niligonga kwa ngumi, ngoma ikakatika.

Aliyefungua ni mama. Amejifunga kanga kiunoni, nyingine kichwani, jasho linamtoka, amesimama wima kuliko nilivyomwona mwaka mzima. Fimbo ameishika kama kitu cha mkononi tu, si cha kumzuia asianguke.

"Kwani kuna moto?" akaniuliza.

"Mama, huyu mwanamke kakuibia msondo, na wewe umekuja kumpigia!"

"Nani kaibiwa? Miye nimempa. Kwa mikono yangu hii nimempa."

"Na ule mkeka?"

"Mkeka nimeuweka miye. Yule dada nikamwambia funga kamba, akafunga, na nikamwambia akiulizwa asiseme uongo wala asiseme kweli." Akavuta pumzi. "Skiza. Nlikuona. Unafikiri nimelala, na miye kivuli chako nakiona, mita yako naisikia inavutwa, unaupiga mapicha, unauinamia unauchungulia tumboni. Nikajua huu sasa unakwenda kutundikwa kwenye hoteli yako. Msondo hautundikwi. Ukitundikwa, utazamwe na wanaume wanaopita na masanduku yao? Nikasema bora uhame."

Nilitaka kusema sikuwa nimeamua. Lakini vile vipimo nilikuwa nimekwisha kuvitia kwenye mchoro. Pale upande wa kulia wa mlango wa ukumbi palikuwa na duara tupu lenye upana ule ule, na sikuwahi kulijaza ngoma nyingine.

Nikapiga hatua niingie. Mama akaiweka fimbo baina ya miimo miwili ya mlango.

"Rudi nyuma. Wewe hujachezwa unyago."

Alisema taratibu, kama anavyomwambia mtoto wa mtu. Na ilikuwa kweli. Nilipokaribia kuolewa nilikuwa nimerudi kutoka masomoni Ulaya, najiona nimeona dunia. Mama akaja na makungwi wenzake watatu kupanga siku zangu, nikawaambia mambo hayo ni ya kishamba, ninayoyahitaji nimeyasoma. Hakunigombeza. Aliufunika msondo kanga na hatukulisema tena. Miaka yote hiyo nikadhani ameufunika kwa sababu umezeeka.

Nyuma yake akatokea jirani. Mikono yake ilikuwa myekundu viganjani kwa kupiga.

"Usimkasirikie mama, dada," akaniambia. "Mimi ndiye niliyemwomba anifundishe. Kwetu ngoma zipo za harusini na za wanaume, lakini hii ya wanawake peke yao, ya kufundishana, sikupata kuiona."

Alisema kwa Kiswahili. Kiswahili cha Unguja kabisa, na "gh" zake na "kh" zake mahali pake, na vituo vya mama ndani yake.

"Unafahamu Kiswahili?"

"Mama ananisomesha. Mwaka wa kwanza sikufahamu kitu." Akatazama chini. "Mwaka wa pili nilifahamu yote."

Uso wangu ulikuwa unawaka. Nilitafuta neno, kila neno nililolipata nilikwisha kulitumia juu yake. Mwisho nikamwambia mama, kwa sababu kumtazama yule nilishindwa, kwamba nataka kuchezwa. Nilisema hivi hivi, mbele ya makubazi ya watu, na nikaanza kulia. Nilikuwa namwonea wivu mwanamke wa mbali kwa kitu nilichopewa bure nikakikataa.

Mama hakucheka. "Mama hamchezi mwanawe," akasema. "Hilo unalijua."

"Basi makungwi wenzako."

"Wepi? Wote nimewazika. Hawa waliomo humu ndani wamechezwa, lakini si makungwi. Wa mwisho kafa mwezi wa Shaaban, baada ya kumcheza huyu. Tulimcheza na kumfundisha ukungwi pamoja, miye na yeye, wewe ukiwa kazini, hatua kwa hatua." Akainua fimbo kutoka mlangoni, akamwelekezea jirani. "Kabaki huyu. Kama atataka."

Jirani akanitazama. Nilimwona anafikiri, na kwa mara ya kwanza mimi ndiye niliyekuwa nasubiri mtu aamue kama ataniamini. Angekuwa na haki ya kunifungia mlango. Mimi ningemfungia.

"Siku saba," akasema hatimaye. "Utaanza leo. Ukishafunikwa kanga husemi, na huulizi kitu. Mwari haulizi. Ukiuliza, tunaanza upya."

Nikasema ndiyo. Akaingia ndani, akatoka na kanga, akanifunika kichwa mpaka usoni. Nikaona miguu tu: ya kwake imepakwa hina, na ya mama, imevimba kwenye vifundo, ikitafuta makubazi yake. Hapo ndipo nilipofahamu. Mama anayechezewa mwanawe hakai chumbani. Ilimbidi atoke.

Alinipita karibu mpaka kanga yake ikanigusa. Nilisikia fimbo ikienda barazani, nikasikia dada wa Uganda akimwambia akae pole pole. Nilikuwa na neno moja la kumwambia, la msamaha, na la pili kwa yule dada niliyempekua sanduku lake. Yote mawili yalikuwa mdomoni. Jirani akanishika mkono, akaniingiza ndani, na mlango ukafungwa mama akiwa nje.